Studio za picha za Bunia: tafuteni wateja, lakini muulizeni kwanza mwenye sura

Katika mji wa Bunia, kijana mwenye kamera hangoji tena mteja apite barabarani asome kibao. Anaweka picha kwenye Facebook, anaweka nyingine kwenye statu ya WhatsApp, kisha anangoja telefone ilie. Tembea kwenye Boulevard de Libération, au ingia ndani ya mitaa, utakuta studio ndogo ndogo: chumba kimoja, pazia la rangi, taa mbili, kompyuta, mashine ya kuchapa, na telefone ambayo siku hizi ndiyo duka lenyewe.

Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi. Kuna wadogo wanaolipiwa minervali na kaka mpiga picha. Kuna wasichana waliojifunza kamera na sasa wanaitwa kwenye ndoa kila Jumamosi. Sitaki mtu aseme kwamba naandika kuwaharibia vijana mkate wao. Naandika kwa sababu wateja wanatafutwa kwa picha, na katika jimbo letu la Ituri picha ya mtu ni jambo zito. Kila siku tunaona sura mpya kwenye kurasa za studio: bibi arusi, mtoto wa komunyo, mzee wa kambini mwenye fimbo. Nauliza swali moja tu: nani aliwauliza hao watu?

Maoni yangu ni haya. Studio itakayodumu Bunia ni ile ambayo mtu anaweza kuiachia sura yake na kurudi nyumbani akalala bila wasiwasi. Kupanga matangazo ya wiki na ya mwezi ni kazi nzuri, na hapa chini nitasema namna gani. Lakini mpango unaanza na ruhusa.

Sura haibadilishwi jina

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu alinieleza yaliyompata. Kijana alifika kambini na kamera, akawapiga watoto picha za bure, akachapa chache, akawagawia. Watoto walifurahi, na mama naye alifurahi. Baada ya siku chache ndugu yake wa mbali alimpigia: “Nimemuona mtoto wako kwa Facebook.” Picha ilikuwa pale, sura ya mtoto wazi, jina la kambi limeandikwa, na chini yake namba ya studio kwa wanaotaka kupigwa picha. Mama huyo hakuomba pesa. Aliniambia hivi tu: “Watu waliotufukuza nao wana telefone.”

Mtu wa mji mwingine anaweza kuona woga huo umezidi. Sisi wakaaji wa hapa tunaelewa. Tulipita vita vya 1999 hadi 2003. Mapigano yakarudi Djugu mwezi wa 12 mwaka 2017, na tangu hapo mamia ya maelfu ya watu wa Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa wameacha mashamba na nyumba zao. Wengine wako Kigonze na kambi nyingine, wengine wamekodi vyumba mitaani, wengine wamejibana kwa jamaa. Mwaka 2022 watu waliuawa ndani ya kambi ya Plaine Savo. Mwaka 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala. Kwa hiyo, mtu anapoandika jina la kambi chini ya sura ya mtu, anawaambia wote wenye telefone kwamba fulani yuko mahali fulani. Hajui nani anasoma.

Kwa radio tuna njia ya kumlinda mtu. Shahidi akiogopa, tunamwita “mama wa watoto wanne”, hatutaji kijiji, na ikibidi tunasoma maneno yake kwa sauti ya mwingine. Habari inapita na mtu anabaki salama. Sura haina njia hiyo. Ukiitoa, umeitoa pamoja na jicho, kovu na umbo la uso.

Halafu kuna maneno ya chini ya picha. Umeweka picha nzuri ya ndoa, na saa mbili baadaye mtu asiyejulikana anaandika tusi juu ya kabila la bwana arusi. Mwingine anajibu. Studio imelala, matusi yanaendelea mpaka asubuhi, na familia iliyolipa kwa ajili ya furaha inasoma uchafu chini ya picha yake. Mwenye ukurasa ndiye mwenye nyumba. Asiyeweza kufagia maneno ya chini ya picha afunge mlango wa maneno, au asiweke sura ya mteja.

Na sheria ipo. Katiba yetu ya 2006, kwenye kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu. Kodi ya numeriki, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kumpiga mtu picha, hata ukiwa umelipwa au umempiga bure, hakukupi ruhusa ya kumtangaza. Mteja alinunua picha. Hakuuza uso wake.

Wanaosema tunazidisha

Nimezungumza na wapiga picha kadhaa juu ya jambo hili, na majibu yao yana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza wanasema: “Bila sura hakuna mteja. Watu wanataka kuona kazi.” Ni kweli, hakuna anayenunua embe ndani ya gunia lililofungwa. Lakini mteja anayeombwa vizuri mara nyingi anakubali. Bibi arusi anataka aonwe. Mfinalisti aliyefaulu anataka mtaa mzima ujue. Kuuliza ni dakika moja.

Wa pili wanasema: “Mashirika nayo yanapiga picha kambini, mbona hamsemi?” Tunasema kwao pia. Shirika lenye utaratibu linauliza, linaandika, na mara nyingine linaficha sura. Likikosea, kosa lake halikupi wewe cheti cha kukosea.

Wa tatu wanasema picha ya wakimbizi inaleta msaada. Mara nyingine, ndiyo. Picha inaweza hata kuunganisha familia. Baada ya 1994, kwenye kambi za wakimbizi Wanyarwanda, mashirika yalipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi na kuzibandika ili wazazi waje kutafuta sura ya mtoto wao. Lakini kazi ile ilifanywa kwa ajili ya mtoto, na watu waliojua mzazi akija aulizwe nini kabla ya kupewa mtoto. Picha ya mtoto wa kambini juu ya namba ya studio haimtafutii mtoto mzazi. Inamtafutia mwenye studio wateja.

Wazee wa kazi hii walijua

Kutafuta wateja kwa picha hakukuanza na telefone. Zanzibar, kwenye Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na hata leo wageni wanaingia kuangalia picha za zamani zilizopangwa ukutani. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anagonga muhuri wenye jina lake kwenye picha zake. Mteja akimwonyesha jirani picha, jina la studio linafika kwa jirani.

Ule muhuri ulikuwa tangazo, na angalia nani aliyekuwa analisambaza: mwenye sura mwenyewe. Aliamua nani aione picha yake. Studio ya Bunia inaweza kufanya hivyo leo. Chapa jina na namba yako nyuma ya kila picha. Ukimtumia mteja picha kwa WhatsApp, weka jina la studio kwenye kona kwa herufi ndogo, kisha mwambie: “Ukipenda, iweke kwenye statu yako.” Ataiweka yeye, kwa watu wake, watu wanaomjua na kumwamini. Statu inakaa saa 24 halafu inaondoka. Tangazo la namna hiyo halikugharimu hata franka moja, wala halikuchukua kitu cha mtu.

Mpango wa wiki moja

Vijana wengi wanaweka picha kumi siku ya Jumapili kisha wananyamaza wiki mbili. Mteja anasahau. Ni afadhali matangazo manne kwa wiki, kila moja na kazi yake.

Jumatatu, bei na mahali. Kurasa nyingi zinaficha bei, zinaandika “tuandikieni kwa siri”. Mama wa Mudzipela hawezi kulipa motari aje kuuliza bei tu. Andika wazi bei ya picha ndogo za faili, bei ya picha kubwa, bei ya fremu, bei ya kwenda kwenye ndoa. Andika kwa franka, na kwa dola kwa kazi kubwa. Eleza mahali kama tunavyoelezana hapa: karibu na kanisa gani, nyuma ya shule gani. Taja saa za kufungua na za kufunga. Na namba iwe ileile kila mahali, mchana na usiku.

Jumatano, kazi moja. Picha moja tu, ya mteja aliyekubali, na maneno mawili juu ya kazi yenyewe: taa iliwekwa wapi, pazia gani lilichaguliwa, mtoto aliyekuwa analia alitulizwa namna gani. Watu wanapenda kujua kwamba una subira na watoto na wazee.

Ijumaa, kumbusho. Kesho ni Jumamosi ya ndoa na mahari. Sema umebakiwa na nafasi ngapi, na sema kweli. Ukiwa huna nafasi, mtaje mwenzako. Naye siku moja atakutaja.

Jumapili jioni, shukrani, na jibu la swali moja ulilopata wiki hiyo: picha zinachukua siku ngapi, mtu avae rangi gani, kama mnafika kambini au mnapokea studio tu.

Yote hayo yapimwe kwa mega za mteja. Video ya dakika tano inakula mega alizonunua kwa shida, naye ataipita. Video ya sekunde 30 inatosha. Punguza uzito wa picha kabla ya kuituma. Andika Kiswahili chetu cha hapa, sentensi fupi. Ongeza Kilingala au Kifaransa ikiwa wateja wako ni wa ofisi. Weka tangazo jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Na kabla ya kutuma, angalia nyuma ya mteja: kama kuna askari, kizuizi cha barabarani au gari la jeshi, kata picha au ichague nyingine. Tangu 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Usimtafutie mteja wako maswali ambayo hakuyaleta yeye.

Siku ambayo huna ruhusa ya mtu yeyote, bado una vitu vya kuonyesha. Onyesha pazia jipya. Onyesha fremu. Onyesha mikono inayokata picha. Jipige wewe mwenyewe ukiwa kazini, maana sura yako ni yako. Tuma sauti ya nusu dakika ukieleza bei, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mama na papa wengi wa hapa wanasikiliza vizuri kuliko wanavyosoma, na sisi wa radio tunajua.

Daftari la ruhusa

Nunua daftari la shule. Kwa kila mteja uliza maneno manne. Naweza kuweka picha yako? Ipi? Wapi: statu tu, au Facebook? Na hadi lini? Andika jibu, tarehe, na sahihi au kidole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayejibu. Kwa ndoa, bwana na bibi wote wawili. Mmoja akikataa, jibu ni hapana.

Mtu akisema hapana, bei isipande na uso wako usibadilike. Akirudi baada ya miezi mitatu akasema “toa picha yangu”, itoe siku hiyo hiyo, bila kumuuliza sababu. Huenda ameachana na mchumba. Huenda nyumbani kumetokea matata ambayo hataki kuyataja. Lakini mwambie ukweli tangu mwanzo: ukifuta kwako, aliyekwisha kuichukua anabaki nayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana swali linakuja kabla ya picha kutoka.

Kwa watu wa kambini ongeza sharti moja zaidi: usiandike jina la kambi, wala kijiji walikotoka, wala siku ulipowapiga. Na watoto wa kambini wasiwe tangazo la biashara kabisa. Hata mzazi akisema ndiyo, jiulize kama alikuwa na uhuru wa kusema hapana mbele ya mtu aliyemletea picha ya bure.

Wakimbizi ni wateja

Hapa ndipo naona studio zetu zinapoteza kazi na zinapoteza heshima kwa wakati mmoja. Zinawatazama wakimbizi wa vita kama kitu cha kupiga picha. Haziwatazami kama watu wanaohitaji picha.

Familia iliyokimbia usiku haikubeba albamu. Picha ya ndoa iliyokuwa ukutani iliungua na nyumba. Picha ya baba aliyefariki pengine imebaki moja tu, ndani ya telefone ya mjomba aliye Mahagi, ndogo, yenye giza. Mtoto anahitaji picha za faili ili aandikishwe shuleni. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, imechakaa mpaka sura haionekani, na mwenye kadi anataka kopi kabla haijafutika kabisa. Yote hayo ni kazi ya studio. Studio yenye akili ingetangaza hivi: “Leta telefone yako au picha yako iliyochakaa. Tunaisafisha, tunaichapa. Jumatano bei ya wakimbizi ni nusu.” Tangazo hilo halihitaji uso wa mtu yeyote.

Fikirieni kalenda yetu. Septemba wanafunzi wanarudi shuleni, na faili zinahitaji picha. Machi ni mwezi wa wanawake, na mama wanashona vitenge vya kikundi. Baadaye inakuja mitihani ya serikali, na matokeo yakitoka vijana wanajipaka poda mpaka hawajulikani. Siku hiyo studio hailali. Desemba kila nyumba inataka picha ya familia. Kila mpiga picha anazijua siku hizo, na inafaa tangazo litoke wiki mbili kabla, watu waweke pesa pembeni.

Lakini kuna siku moja ambayo sijaona studio zikiipa uzito wake: tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi. Siku hiyo nchi nzima watu wanawapongeza wazazi walio hai, na wanakwenda makaburini kupalilia na kusafisha makaburi ya waliokufa. Mkimbizi wa Djugu ataenda kaburi gani? Kaburi la mama yake liko kijijini, na kijijini hakufikiki. Amekaa kambini siku ya wazazi, hana jiwe la kusafisha wala msalaba wa kupaka rangi. Picha ya mama yake, iliyochapwa vizuri na kuwekwa ndani ya fremu ya bei ndogo, ndiyo kitu pekee anachoweza kushika siku hiyo.

Studio itakayoanza kutangaza kazi hiyo katikati ya mwezi wa saba itapata wateja. Nina hakika, kwa sababu watu kambini hawaachi kusaidiana habari: mmoja akihudumiwa vizuri, kesho wanafika watano. Na hao hawataangalia ukurasa una wafuatiliaji wangapi. Wataulizana kama yule kijana aliweka picha za watu mahali pabaya, au hakuweka.

Kwenu wapiga picha: kaeni pamoja, hata studio tano tu za mtaa mmoja, mkubaliane maneno ya daftari na mbandike ukutani: “Hapa hatuweki picha yako bila ruhusa yako.” Sentensi hiyo ni tangazo bora kuliko pazia lolote la Dubai.

Kwenu wasimamizi wa kambi: kijana akiingia na kamera, mwulizeni picha zinaenda wapi, kabla watoto hawajapanga mstari.

Na kwenu familia mlio kambini na mitaani, mnaosoma hapa au mnaosomewa na jirani: mnaruhusiwa kusema hapana, hata kama picha ni ya bure, hata kama mpiga picha ni mtoto wa jirani. Ulizeni inaenda wapi. Mkikuta sura yenu mahali ambapo hamkukubali, ombeni itolewe, na msione haya kuomba. Mkimpata anayeuliza vizuri na anayetunza neno lake, mpeni kazi, na mwambieni mwenzenu.